Redio ya Vali ya Kubeba Mkononi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yaliyomo humu yanahusu redio ya aina moja: vali tatu, mawimbi ya kati, spika ndani, betri tupu bila umeme wa ukutani, vyote vikiingia kwenye sanduku la mbao ambalo ndani lina upana wa sm 20, kimo cha sm 14 na kina cha sm 6.5. Vali zenyewe ni 1T4, 1S5 na 3S4. Kwenye orodha za Ulaya zinaitwa DF91, DAF91 na DL92, kwa hiyo usishangae ukiletewa kichupa chenye jina usilolitarajia.

Vali ni nini hasa?

Ni kichupa cha kioo kilichotolewa hewa. Ndani kuna uzi mwembamba, filamenti, unaopashwa moto na betri hadi utoe elektroni. Bamba linalouzunguka, yaani anodi, lina volti chanya na linazivuta elektroni hizo. Katikati kuna wavu, gridi, na volti ndogo tu kwenye gridi inatosha kuuzuia au kuuachia mkondo mkubwa unaokwenda kwenye anodi. Lee de Forest ndiye aliyeingiza gridi hiyo mwaka 1906, na ukuzaji wote wa sauti na mawimbi kwa vali ulianzia hapo.

Kwa nini nihangaike na vali wakati redio ya transista inauzwa kwa bei ya chakula cha mchana?

Kwa upande wa pesa hakuna sababu. Redio hii itakugharimu zaidi, italia kwa sauti ndogo zaidi na itamaliza betri mapema zaidi. Kinachowavutia watu ni kwamba kila hatua ya redio iko wazi mbele ya macho: hapa wimbi linaingia, hapa linageuzwa sauti, hapa linakuzwa, na kila hatua unaweza kuigusa na kuipima kwa mita ya kawaida. Ukiwa na chipu moja nyeusi ndani ya redio ya dukani, hujifunzi chochote kwa kuifungua.

Redio za vali za kubeba zimewahi kuuzwa kweli, au ni ubunifu wa wapenda mambo ya kale?

Ziliuzwa kwa wingi. Mwaka 1940 kampuni ya RCA ya Marekani ilitoa BP-10, redio ya kubeba iliyotumia vali ndogo za pini saba, betri moja ya tochi na betri moja ya volti 67.5. Vali hizo ndogo zilikuwa zimetoka karibuni tu, na bila ya hizo redio ya kubeba ingebaki kuwa sanduku la safari. Mtindo huo ulitawala hadi Regency TR-1, redio ya transista, ilipoingia sokoni mwaka 1954.

Afrika nayo ina redio yake ya kujivunia katika ukoo huu. Mwaka 1949, kwa ajili ya wasikilizaji wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ilianza kutengeneza redio ya vali nne ya mawimbi mafupi iliyoitwa Saucepan Special, kwa kuwa kasha lake lilikuwa la alumini la mviringo mfano wa sufuria. Iliuzwa kwa pauni 5, betri ikilipiwa peke yake, na betri hiyo ilitakiwa kudumu kama saa 300. Watu wa vijijini wasio na umeme wa aina yoyote walisikiliza Lusaka kwa redio hiyo. Mimi huitazama kama ushahidi kwamba vali na betri kavu ni kitu kinachofaa maisha ya kawaida, si cha maabara tu.

Lazima zitumike vali hizo tatu? Ninazo 12AX7 na EL84 za ampilifaya ya gitaa.

Hizo ziache kwenye gitaa. EL84 peke yake inataka volti 6.3 na miliampea 760 kwa kupasha filamenti tu, karibu vati 5, kabla hata ya kufanya kazi yoyote. 1T4 inataka volti 1.4 na miliampea 50. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama redio itabebwa au itabaki mezani.

Mbadala wa kweli upo. Vali za Ulaya zinazoishia na 96 (DF96, DAF96, DL96) zina filamenti za kubana matumizi: DF96 na DAF96 hula miliampea 25 kila moja, na DL96 hula 50. Vali nyembamba za Kisovieti kama 1Zh24B hula chini ya hapo, lakini hazina pini za kuchomeka. Zinalehemiwa kwa nyaya zake zenyewe, na mkono unaotetemeka utazivunja.

Onyo moja linalostahili kurudiwa: 3S4 na 3V4 zinafanana umbo na kazi, ila mpangilio wa pini si mmoja. Ukichomeka 3V4 kwenye soketi iliyofungwa kwa ajili ya 3S4 haitalia. 3Q4 ndiyo inayoingia palepale bila kubadilisha waya.

Nazipata wapi?

Kariakoo jijini Dar es Salaam na Mtaa wa Luthuli jijini Nairobi utapata resista, kapasita, spika na waya, lakini vali ni kubahatisha. Mafundi wazee wakati mwingine wana boksi chini ya meza, na si vibaya kuuliza. Wengi huagiza kwa wauzaji wa mtandaoni wa Ulaya au Marekani, ambako zipo zilizotengenezwa miongo mingi iliyopita na hazijatumika hata siku moja. Agiza mbili za kila aina, maana gharama ya kutuma ni ileile. Agiza na soketi za pini saba kwenye kifurushi hichohicho.

Tafadhali usibomoe redio ya zamani iliyo nzima ili kupata vali zake. Redio ya babu inayoweza kufufuliwa ina thamani kuliko sanduku lako jipya.

Kwa nini betri za aina mbili?

Kwa sababu vali ina mahitaji mawili yasiyopatana. Filamenti inataka volti kidogo na mkondo mwingi. Anodi inataka volti nyingi na mkondo kidogo. Tangu zamani betri ya filamenti huitwa A na ya anodi huitwa B.

A ni betri moja kubwa ya tochi, saizi D, volti 1.5. Filamenti tatu zikiunganishwa sambamba zinakula miliampea 200: 50 kwa 1T4, 50 kwa 1S5 na 100 kwa 3S4. Betri ya alkalaini itakupa kati ya saa 30 na 50 kabla haijashuka hadi volti 1.1, ambapo redio huanza kunong'ona. Betri ya kuchaji ya volti 1.2 nayo inafaa, vali hazilalamiki. Betri ya lithiamu ya simu, yenye volti 3.7, itaziua zote mara moja.

B ni betri saba za volti 9 zilizofungwa mfululizo, jumla volti 63, karibu kabisa na zile 67.5 za zamani ambazo siku hizi ni adimu na ghali. Redio nzima inavuta kama miliampea 9 kutoka B. Betri za alkalaini zitakwenda saa 40 hivi au zaidi. Zile za bei rahisi zitafika nusu ya hapo kwa taabu. Ndiyo, kununua betri saba kwa mkupuo kunauma mfukoni. Betri zilizotolewa kwenye vipima moshi au maikrofoni kwa kuwa "zimechoka" mara nyingi bado zina volti 8, na kwa redio hii volti 8 mara saba si haba.

Ujanja wa kubana matumizi: filamenti ya 3S4 ina nusu mbili zinazokutana pini ya 5. Ukiunganisha nusu moja tu, unaokoa miliampea 50 na unapoteza karibu nusu ya nguvu ya sauti. Chumbani usiku hutaona tofauti kubwa.

Siwezi kutumia moduli ndogo ya kupandisha volti badala ya betri saba?

Unaweza, na utajuta utakapowasha. Moduli hizo hukatakata umeme mara maelfu kwa sekunde, na kelele za ukataji huo zinaangukia hasa kwenye mawimbi ya kati unayotaka kuyasikiliza, huku antena ikiwa sentimita chache pembeni. Wako wanaofaulu kwa kuifungia moduli ndani ya kopo la bati na kuchuja kila waya unaoingia na kutoka. Ukishafanya hivyo, nafasi uliyoiokoa umeshaimaliza.

Volti 63 ni hatari?

Kwa mikono mikavu huenda usihisi kitu. Kwa mikono yenye jasho itakurusha kidogo. Funika ncha zote za betri B na usiruhusu mtoto aifungue. Hatari ya kweli iko kwingine: redio za zamani za kuchomeka ukutani zisizokuwa na transfoma, ambazo chasisi yake, yaani fremu ya chuma inayobeba saketi, inaweza kuwa na umeme wa ukutani moja kwa moja. Usiige saketi zake hata kama umeona michoro yake.

Volti 63 ni hatari zaidi kwa vali zenyewe. Waya wa B ukigusa waya wa filamenti hata kwa nukta moja, vali zote tatu zinaweza kuungua kwa pamoja. Wakati wa kujaribu, weka resista ya 2.2 kΩ mfululizo na betri B. Likitokea la kutokea, mkondo hautazidi miliampea 29 na filamenti zitapona. Redio italia kwa unyonge, lakini ni kwa majaribio tu.

Sanduku nianze nalo mwanzoni au mwishoni?

Anza na betri. Hili ndilo jambo ambalo michoro mingi hailisemi: katika redio ya vali ya kubeba, betri ndizo zinazokula nafasi, na saketi inajipenyeza panapobaki. Kila betri ya volti 9 ina unene wa mm 17.5, upana wa mm 26.5 na urefu wa mm 48.5. Ukizilaza saba ubavu kwa ubavu unapata safu ya mm 123. Betri D ikilazwa mwishoni mwa safu inaongeza mm 62. Jumla mm 185, na hapo ndipo ule upana wa sm 20 ulipotoka. Si kipimo cha urembo.

Safu hiyo ya betri inakaa sakafuni, na uzito wake unalifanya sanduku lisianguke kirahisi. Juu yake upande wa kushoto ni spika ya sm 8. Upande wa kulia weka rafu ndogo ya alumini au plaiwudi, sm 7 hivi kutoka sakafuni: vali zinasimama juu yake, zikichukua karibu sm 5, na nyaya zote zinapita chini yake pamoja na transfoma ya spika. Kijiti cha feraiti, ambacho ndicho antena, kinalala juu kabisa chini ya mfuniko, mbali na sumaku ya spika kadiri inavyowezekana, angalau sm 3.

Kwa mbao, plaiwudi ya mm 6 inatosha, na kipande chembamba cha mninga usoni kikipigwa vanishi kinapendeza. Seremala yeyote wa mtaani atakukatia ukimpa vipimo vya ndani, si vya nje. Hapo ndipo wengi wanapopishana naye. Mgongo uwe wa kufunguka kwa skrubu mbili, kwani utabadilisha betri mara nyingi kuliko unavyodhani. Mpini uwe wa ngozi au mkanda wa begi, ufungwe kwa bolti zinazopenya mbao. Redio ikishapakiwa betri ni nzito, na gundi haitauhimili uzito huo.

Kasha la chuma au alumini halifai hapa, hata lile zuri la chakula unaloliwazia. Chuma kinaizuia antena ya feraiti isione mawimbi. Saucepan Special iliweza kuwa ya alumini kwa sababu ilitumia waya wa antena uliotandazwa nje.

Koili ya antena naisukaje?

Njia ya uhakika ni kununua kijiti cha feraiti cha kipenyo cha mm 10 na urefu wa sm 14 hadi 18, kisha kusuka mizunguko kama 60 ya waya mwembamba wa kusukia mota juu ya karatasi ngumu inayoteleza kwenye kijiti. Kwa kapasita ya kutafutia stesheni ya 365 pF unahitaji karibu 240 µH, na kwa kipimo hicho utafika chini hadi 530 kHz. Isogeze koili kuelekea ncha ya kijiti kupunguza, ielekeze katikati kuongeza. Pembeni suka mizunguko 4 hadi 8 ya waya huohuo: hiyo ni koili ya mrejesho.

Njia ya wavivu, ambayo binafsi naipendelea, ni kutafuta redio mbovu ya transista yenye mawimbi ya kati, kisha kung'oa kijiti chake na kapasita yake kwa pamoja. Viwili hivyo vilishapimwa kiwandani kulingana, huna la kuhesabu. Zaidi ya hayo, kwenye kijiti hicho kuna koili ndogo ya pili yenye mizunguko michache iliyokuwa ikienda kwenye transista. Hiyo inaweza kuwa koili yako ya mrejesho bila kusuka chochote.

Mrejesho ndio nini?

Ni kuchukua sehemu ya wimbi lililokwisha kukuzwa na kulirudisha mwanzoni likuzwe tena, na tena. Edwin Howard Armstrong wa Marekani alipewa hataza yake mwaka 1914. Kwa njia hii vali moja inafanya kazi ambayo vinginevyo ingehitaji mbili au tatu, na ndiyo maana tunaitumia: sanduku dogo halina nafasi ya vali za ziada. Gharama yake ni kwamba msikilizaji lazima awe na mkono mwepesi. Mrejesho ukizidi, redio inaanza kupiga mluzi na kurusha wimbi lake yenyewe, na jirani mwenye redio ya mawimbi ya kati atausikia.

Saketi yenyewe ikoje?

Nitaieleza kwa maneno, uichore mwenyewe ukisoma. Ukiweza kuichora umeielewa.

Koili na kapasita ya kutafutia viko sambamba. Ncha ya juu inapita kapasita ya 100 pF hadi gridi ya kwanza ya 1T4. Kutoka gridi hiyo, resista ya 2.2 MΩ inakwenda upande *chanya* wa filamenti. Kwa vali za kupashwa moja kwa moja kama hizi, upande huo ndio unaogeuza wimbi kuwa sauti vizuri. Anodi inapita kwenye koili ya mrejesho, kisha resista ya 10 kΩ, kisha resista ya 100 kΩ hadi B chanya. Pale koili ya mrejesho inapokutana na ile 10 kΩ weka kapasita ya 220 pF kwenda chasisi (hapa ni mstari wa pamoja, ulioungwa na upande hasi wa filamenti) ili mawimbi ya redio yaishie hapo, na sauti peke yake iendelee. Gridi ya pili, wavu mwingine ulio kati ya gridi ya kwanza na anodi, inapata volti zake kutoka volyumu (resista ya kuzungushwa) ya 100 kΩ, yenye resista ya 47 kΩ juu yake, na kapasita ya 0.1 µF kwenda chasisi. Volyumu hiyo ndiyo kitasa cha mrejesho.

Sauti inatoka pale zinapokutana 10 kΩ na 100 kΩ, inapita kapasita ya 10 nF hadi volyumu ya sauti ya 1 MΩ, kisha kapasita nyingine ya 10 nF hadi gridi ya 1S5. Gridi hiyo ina resista ya 10 MΩ kwenda filamenti hasi, anodi yake ina 1 MΩ, na gridi ya pili ina 3.3 MΩ pamoja na kapasita ya 0.1 µF. Ndani ya 1S5 kuna diodi isiyohitajika hapa. Iunganishe na filamenti hasi. Kutoka anodi, 10 nF tena hadi gridi ya 3S4.

3S4 inataka gridi yake iwe hasi kwa volti kadhaa. Hatuongezi betri ya tatu. Waya hasi wa betri B usiende chasisi moja kwa moja, upitie resista ya 680 Ω. Mkondo wote wa B ukipita hapo unazaa volti 5 hadi 6, na resista ya 1 MΩ kutoka gridi ya 3S4 inafungwa kwenye upande huo hasi. Weka kapasita ya 100 µF sambamba na ile 680 Ω, *mguu chanya ukiwa kwenye chasisi*. Hapa hata wazoefu hugeuza, kwa kuwa mazoea yanasema chasisi ni hasi.

Swichi iwe ya kukata A na B kwa wakati mmoja. Ukikata A peke yake, ile volyumu ya mrejesho itaendelea kunyonya B usiku kucha. Kapasita zote ziwe mpya; za karatasi za zamani huvuja umeme na kuharibu volti za gridi.

Transfoma ya spika naipata wapi?

Kwenye adapta ya zamani, ile nzito ya kuchomeka ukutani, siyo nyepesi ya kisasa. 3S4 kwa volti 67.5 inataka kuona mzigo wa 5 kΩ, na spika ni 8 Ω. Gawanya, utafute kipeuo cha pili: uwiano wa 25 kwa 1. Transfoma ya kushusha volti 230 hadi 9 ina uwiano huohuo kwa bahati nzuri. Upande wa 230 unakwenda kwenye anodi ya 3S4 na B chanya, upande wa 9 unakwenda kwenye spika. Diodi zilizomo ndani ya adapta zing'olewe.

Nguvu ya sauti ni chini ya milivati 200, kwa hiyo spika nzuri ni muhimu kuliko chochote. Spika yenye koni nyepesi kutoka redio ya zamani itasikika chumba kizima. Ile ngumu ya gari haitasikika.

Nimewasha, vali haziwaki. Zimeungua?

Huenda ziko salama. Filamenti ya volti 1.4 haitoi mwanga unaoonekana mchana. Gizani kabisa utaona wekundu hafifu sana, na wengine hawauoni. Kioo nacho hakipati joto la kuhisika. Pima kwa mita ya dijitali: filamenti nzima inaonyesha omu chache tu hadi ishirini na kitu. Mita ya zamani ya mshale usiitumie kwenye kipimo chake cha chini kabisa cha omu, kwani baadhi zinasukuma mkondo mkubwa kuliko filamenti inavyoweza kustahimili.

Nianze kulehemu kutoka upande gani?

Kutoka kwenye spika kurudi nyuma. Funga 3S4 kwanza, washa, gusa gridi yake kwa ncha ya bisibisi: usikie mkwaruzo au mlio. Kisha 1S5, gusa tena, mlio uwe mkubwa zaidi. Mwisho 1T4 na koili. Ukilehemu yote kwa pamoja na redio ikanyamaza, hujui pa kuanzia.

Kila kitu kimefungwa lakini hakuna mrejesho hata nikizungusha kitasa hadi mwisho.

Geuza ncha mbili za koili ya mrejesho. Mara nyingi inatosha. Kama bado, ongeza mizunguko miwili au pima volti za gridi ya pili ya 1T4. Panapozidi volti 20 mrejesho unapaswa kuwa umeanza. Tatizo la kinyume, mluzi usiokoma, linatibiwa kwa kupunguza mizunguko au kuisogeza koili ya mrejesho mbali na koili kubwa.

Ikiwa redio inapiga *put-put-put* kama boti, B zimezeeka. Kapasita ya 22 µF ya volti 100 kutoka B chanya hadi chasisi itakurefushia siku.

Nikigusa sanduku, spika inalia "ngiiing". Wakati mwingine inalia yenyewe bila kukoma.

Huo ni ugonjwa wa vali za betri. Filamenti ni nyembamba kiasi kwamba inatikisika, na mtikisiko wake unageuka sauti. Spika ikiwa sanduku moja na vali, sauti inaitikisa vali, vali inatoa sauti zaidi, mzunguko unajilisha. 1T4 ndiyo mkosaji mara nyingi kwa kuwa kila kinachotoka kwake kinakuzwa mara mbili. Pachika rafu ya vali juu ya mpira laini, vipande vya ndara zilizokwisha vinafaa kabisa, na nyaya zinazofika kwenye rafu ziwe laini, zilizolegea. Ukiwa na 1T4 zaidi ya moja, zijaribu zote. Zinatofautiana mno kwa hili.

Itakamata nini?

Mchana, stesheni za mawimbi ya kati zilizo karibu, kama eneo lako bado linazo. Nyingi zimehamia FM. Usiku hali hubadilika. Tabaka la angahewa linalomeza mawimbi ya kati mchana hutoweka baada ya jua kuzama, na mawimbi yanaanza kudunda kutoka mbali. Ukiwa pwani tarajia lugha za ng'ambo ya bahari. Zungusha sanduku zima polepole: antena ya feraiti inasikia vizuri kwa ubavu wake na karibu haisikii kwa ncha zake, kwa hiyo unaweza kuizima stesheni moja ili isikike nyingine.

Adui mkubwa ni taa za LED za bei rahisi, chaja za simu na king'amuzi cha televisheni. Toka nje uwanjani na redio yako kabla hujailaumu. Ndiyo faida ya kuwa na mpini.

Na FM?

Hapana. Si kwa vali hizi na koili hii.

Mawimbi mafupi je?

Ndiyo, kwa kubadilisha koili na kuongeza waya wa antena wa mita kadhaa. Koili ya mizunguko michache juu ya bomba la plastiki inachukua nafasi ya feraiti. Zanzibar kwa miaka mingi imesikika kwenye 11735 kHz, bendi ya mita 25, na mrejesho unaweza kufika huko, ingawa kitasa kinakuwa chepesi kupindukia na mkono ukisogea karibu stesheni inahama. Bamba la alumini nyuma ya uso wa sanduku, lililofungwa kwenye chasisi, linapunguza usumbufu huo.

Naishi pwani. Chumvi na unyevu vitaiharibu?

Vitajaribu. Koili ichovye kwenye nta iliyoyeyushwa, pini za vali zifutwe kwa karatasi laini ya msasa kila sauti inapoanza kukatikakatika, na betri zisiachwe ndani redio inapokaa bila kutumika. Betri zilizovuja zimeharibu redio nyingi kuliko unyevu wenyewe.

Nikitaka kuondoa kitasa cha mrejesho na kujenga superheterodaini, redio inayogeuza kila stesheni kuwa masafa mamoja kabla ya kuikuza?

Unahitaji vali ya nne, 1R5 au DK91 kwa jina la Ulaya, inayobadilisha kila stesheni kuwa 455 kHz. 1T4 inahamia kukuza masafa hayo, na ile diodi ya 1S5 uliyoiacha bila kazi ndiyo inayotoa sauti. Vikopo vya 455 kHz (koili ndogo zilizofungwa ndani ya kopo la bati) kutoka redio za transista vinaweza kutumika, ila koili yake ndogo ya pili inatoa volti kidogo mno kwa gridi ya vali. Tumia vikopo viwili kwa kila hatua, koili kubwa na koili kubwa, viunganishwe kwa kapasita ya 3 hadi 5 pF. Kapasita ya kutafutia lazima iwe na pande mbili, maana 1R5 inatengeneza wimbi lake lililo juu ya stesheni kwa 455 kHz: kutoka 986 kHz unapotafuta 531, hadi 2057 kHz unapotafuta 1602. Kujua kama wimbi hilo lipo, weka redio nyingine ndogo kando na uitegeshe 1055 kHz. Zungusha kitasa cha yako polepole ikikaribia 600 kHz, na hapo redio ya pili itanyamaza ghafla au kupiga mluzi.